“Bwana Ameniambia”: Jinsi Ufunuo wa Mungu Unavyopima Maamuzi ya Mkristo

Kauli “Bwana ameniambia” hufunga mjadala. Isemwe kwenye ibada ya Kiswahili ya wakimbizi kule Nakivale, kwenye kanisa la mabati mjini Arua, au kwenye kikao cha ukoo kinachopanga mahari huko Mbale, wasikilizaji hubaki na njia mbili: wakubali, au waonekane wanashindana na Mungu. Naamini maumivu mengi ya Wakristo wa Uganda yameanzia hapo. Watu wetu hawana shida ya kuamini kwamba Mungu husema. Wanaamini kwa moyo wote. Shida ni kwamba wengi hatukufundishwa jinsi ufunuo wake unavyotumika pale mtu anapokabiliwa na uamuzi halisi, kama vile kuacha dawa, kudai ng’ombe wa mahari warudishwe, au kukataa amri ya mkubwa wake.

Tuanze na msingi. Ninaposema ufunuo simaanishi kile kitabu cha mwisho cha Biblia. Namaanisha fundisho kwamba Mungu ndiye aliyetangulia kujitambulisha kwa wanadamu, kwa kuwa akili zetu peke yake zisingemfikia. Wanateolojia huona hapo njia mbili. Ya kwanza iko wazi kwa kila mtu: ni uumbaji, kama Zaburi ya 19 inavyoimba, pamoja na ile sheria iliyoandikwa mioyoni ambayo Paulo anaitaja katika Warumi 2, anaposema kwamba hata mataifa wasio na Torati hutenda yaliyo ya Torati. Ndiyo maana Mkristo wa Kampala na jirani yake Mwislamu wanaweza kukubaliana kwamba kumdhulumu yatima ni uovu, bila kwanza kumaliza tofauti zao za imani. Katika nchi ambayo Katiba yake ya 1995 inakataza kuwa na dini ya taifa, njia hii ni neema kubwa.

Njia ya pili ni ya pekee: historia ya Israeli, manabii, na hatimaye Yesu Kristo. Waebrania inafungua kwa maneno haya: “Mungu, ambaye alisema zamani na baba zetu katika manabii kwa sehemu nyingi na kwa njia nyingi, mwisho wa siku hizi amesema na sisi katika Mwana.” Maneno hayo yana uzito kuliko tunavyoyapa. Yanasema kilele cha ufunuo ni Mtu. Amri, mithali, unabii na masimulizi, vyote vinasomwa kwa mwanga wa yule aliyewaosha wanafunzi wake miguu na kufa msalabani.

Yesu mwenyewe alisoma hivyo. Alipoulizwa juu ya talaka, katika Mathayo 19, hakuishia kwenye ruhusa ya Musa. Alisema ruhusa ile ilitolewa kwa sababu ya ugumu wa mioyo, kisha akarudi hadi mwanzo, pale Mungu alipomuumba mume na mke. Kumbe ndani ya Maandiko yenyewe kuna yaliyovumiliwa kwa muda na kuna yaliyokusudiwa tangu mwanzo. Anayenukuu mstari bila kuuliza uko upande gani anaweza kunukuu neno kwa neno na bado akakosea.

Nani mwenye neno la mwisho katika kusoma? Hapa makanisa yetu yanaachana njia. Kanisa Katoliki, katika hati ya Dei Verbum iliyotolewa na Mtaguso wa Pili wa Vatikani tarehe 18 Novemba 1965, linafundisha kwamba Maandiko na Mapokeo hutoka katika chemchemi moja, na kwamba kazi ya kuyafafanua kwa mamlaka ni ya maaskofu wakiwa pamoja na Papa. Kanisa la Uganda, kama Waanglikana wengine, limerithi Ibara 39 za mwaka 1571, yaani kanuni zao za imani, ambazo ya sita inasema kwamba lisilopatikana katika Maandiko wala kuthibitishwa nayo, mtu asilazimishwe kuliamini kama sharti la wokovu. Walokole, ambao uamsho wao ulishika moto Rwanda na Uganda miaka ya 1930, waliweka mkazo kwenye toba ya wazi na kutembea nuruni na ndugu: dhambi haiachwi gizani, inatajwa mbele ya wenzako. Makanisa ya Kipentekoste yanasisitiza kwamba Roho anasema hata leo. Tofauti hizi ni za kweli na sitaki kuzifunika. Lakini kuna jambo ambalo mafundisho yao yote yanakubali, nalo ndilo linalosahauliwa tunapolihitaji zaidi: hakuna sauti mpya inayoweza kuupita ufunuo uliokwisha kutolewa katika Kristo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, yaani kitabu chake rasmi cha mafundisho, inalisema hilo waziwazi. Ufunuo wa binafsi, hata ule uliotambuliwa na Kanisa, hauongezi wala haukamilishi ufunuo wa Kristo; kazi yake ni kuwasaidia watu kuuishi vizuri zaidi katika wakati fulani. Paulo ni mkali kuliko hapo. Katika Wagalatia 1 anasema hata malaika kutoka mbinguni akihubiri injili nyingine, na alaaniwe. Na Kumbukumbu la Torati 13 inatoa onyo ambalo ningependa lisomwe katika kila mkesha wa maombi: nabii anaweza kutoa ishara, ishara ikatimia, na bado asisikilizwe, ikiwa anawapeleka watu kwa miungu mingine. Kutimia kwa ishara hakutoshi kuwa ushahidi.

Uganda inajua gharama ya kusahau hayo. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa nchi, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada la kundi lililojiita la Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Baadaye makaburi ya pamoja yalifukuliwa kwenye nyumba nyingine za kundi hilo, na jumla ya waliokufa ikapita 700. Viongozi wake, akiwemo Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, walidai kupokea ujumbe kutoka kwa Bikira Maria na Yesu mwenyewe. Waumini walitoa mali zao. Waliishi kimya, wakiwasiliana kwa ishara za mikono, ili ulimi usije ukavunja amri ya kutoshuhudia uongo.

Hao hawakuwa watu wa kuchekwa. Walikuwa wakulima, akina mama, vijana, watu walioyachukulia maagizo ya Mungu kwa uzito kuliko wengi wetu. Na hapo ndipo fundisho lenyewe linapouma. Walikuwa na Amri Kumi kwenye jina la kundi lao, na mojawapo ya amri hizo ni “Usiue”. Kipimo kilikuwa mikononi mwao. Lakini kimya kile kiliwanyang’anya nafasi ya kukitumia, kwa sababu mtu asiyeruhusiwa kusema hawezi kuuliza.

Kaskazini, katika nchi ya Waacholi, Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, naye alidai kupigania Amri Kumi, huku jeshi lake likiteka watoto na kuwalazimisha kuua. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata. Makundi mawili, pande mbili za nchi, na yote yakiapa kwa maandiko yaleyale. Hilo linatuonyesha kwamba kuwa na Maandiko mdomoni hakutoshi. Swali ni kama aliye juu, anayeyatamka, anakubali kupimwa nayo yeye mwenyewe.

Nabii Amosi alimwona Bwana amesimama karibu na ukuta, na timazi mkononi. Fundi yeyote wa ujenzi hapa kwetu anajua kazi ya kile kijiwe kinachoning’inia kwenye uzi: hakijengi ukuta, wala hakikwambii ujenge nyumba ya vyumba vingapi, lakini ukuta uliopinda hauwezi kukidanganya. Hivyo ndivyo ninavyouelewa ufunuo kama kipimo cha maadili. Hautupi jibu la kila swali likiwa limeandikwa tayari, lakini unaonyesha uamuzi uliopinda, hata ukiwa wa mchungaji, wa ukoo, au wa mtawala.

Wengine huuliza swali la zamani, lililoulizwa na Plato kabla ya Ukristo: je, jema ni jema kwa sababu Mungu ameliamuru, au ameliamuru kwa sababu ni jema? Likijibiwa vibaya, chochote kinaweza kuhalalishwa kwa kisingizio cha amri ya Mungu. Jibu ambalo Wakristo wengi wamelishika ni kwamba amri za Mungu zinatoka katika tabia yake, naye, kama 2 Timotheo 2 inavyosema, hawezi kujikana mwenyewe. Kwa hiyo mtu akidai kwamba Mungu amemwagiza amtupe mkewe mgonjwa, hatuhitaji kusubiri ishara. Mungu aliyefunuliwa katika Kristo hatoi agizo la namna hiyo.

Mfano mzuri wa kipimo hiki kikifanya kazi uko nyumbani kwetu. Oktoba 1885, Askofu James Hannington aliuawa huko Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Joseph Mukasa Balikuddembe, mkuu wa watumishi wa ikulu, alimkemea Kabaka usoni. Yeye alikuwa Mkatoliki na Hannington alikuwa Mwanglikana, katika siku ambazo makundi hayo mawili hayakupendana. Aliuawa tarehe 15 Novemba mwaka huohuo. Tarehe 3 Juni 1886, Charles Lwanga na vijana wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo. Walikuwa wamekataa kuiacha imani yao, na walikuwa wamekataa pia matakwa ya kimwili ya mfalme.

Jiulize walikuwa na nini mikononi. Biblia nzima ya Kiluganda ilikamilika mwaka 1896, miaka kumi baada ya moto ule. Wasomaji wa kwanza kule Buganda walianza na vipande vya Maandiko vya Kiswahili, lugha iliyokuwa ikieleweka ikulu kwa sababu ya biashara ya pwani, na mmisionari Mwanglikana Alexander Mackay aliwafundisha kwa vipande hivyo. Wakatoliki walipokea katekisimu kwa mdomo. Lwanga mwenyewe alibatizwa siku ileile aliyouawa Balikuddembe. Hawakuwa na maktaba wala chuo cha teolojia. Walichokuwa nacho ni kiini: Mungu ni mmoja, Kristo alikufa na kufufuka, mwili ni wake, uhai wa mtu si mali ya mfalme. Na hawakuasi kila kitu. Walimtumikia Kabaka katika kazi zote za ikulu, wakakataa pale tu amri yake ilipogongana na ya Mungu. “Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu,” Petro alisema mbele ya baraza, na vijana wale walijua neno hilo linaanzia wapi na linaishia wapi.

Si maamuzi yote yanayonyooka hivyo. Mengi ya kila siku yamejaa ukungu, na hapo usomaji unahitaji subira. Chukua Mambo ya Walawi 19. Sura hiyohiyo inaamuru kumpenda jirani, inakataza vazi la nyuzi za namna mbili, na inaagiza mgeni akaaye nchini atendewe kama mzalia. Ibara ya saba ya Waanglikana inajaribu kutenganisha: sheria za ibada na za serikali ya Israeli hazimfungi Mkristo, zile za maadili zinamfunga. Ni msaada, lakini aliyeandika Walawi hakuweka mistari ya rangi kututenganishia. Tunatambua kwa kutazama kile ambacho Yesu na mitume walikibeba mbele. Upendo kwa jirani Yesu aliufanya nguzo ya Torati yote. Mgeni alijitambulisha naye kabisa: “nalikuwa mgeni, mkanikaribisha.” Kuhusu nyuzi, Agano Jipya halisemi neno. Nchi yetu inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, kwa hiyo uamuzi wa familia ya Isingiro kuhusu kipande cha shamba kinachopakana na kambi ni swali la ufunuo kweli kweli, kuliko lile la nguo ambalo tunalihubiri mara nyingi zaidi.

Mahari ni mfano mgumu zaidi, na ninaona tunaukwepa. Wazee husema, “Hata Biblia ina mahari.” Ni kweli. Yakobo alifanya kazi miaka saba kwa kila mmoja wa binti za Labani, na Kutoka 22 inataja mahari ya mwanamwali. Lakini Biblia kusimulia desturi ni jambo moja, na Mungu kuiamuru ni jambo lingine. Na ukisoma hadi Mwanzo 31 utawasikia Raheli na Lea wenyewe wakizungumza juu ya baba yao: wanasema amewauza, na fedha yao ameila. Mistari hiyo sijawahi kuisikia ikisomwa kwenye kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Maandiko yaliyotupa mahari ya Yakobo yametuhifadhia pia malalamiko ya mabinti walioolewa kwa mahari hiyo, na msomaji mwaminifu hana ruhusa ya kuchukua nusu.

Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba mahari yenyewe haivunji Katiba, lakini kumtaka mwanamke au wazazi wake wairudishe ndoa inapovunjika kunavunja. Sababu zake zilihusu utu na usawa wa wanandoa. Mahakama haikuhitaji kunukuu Biblia, na bado naona iligusa palepale ambapo Kristo angegusa: mwanamke anayepigwa, anayekimbilia kwa wazazi, kisha anarudishwa kwa anayempiga kwa sababu ng’ombe wamekwisha kuuzwa. Mkristo anayetoa mahari kama heshima kwa wakwe hajavunja chochote. Anayeitumia kama risiti ya mtu, amevunja, na hakuna desturi ya kumtetea.

Kuhusu wake wengi, Kanisa lenyewe lilihitaji karne moja. Mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth mwaka 1888 uliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe, ingawa wake zake wangeweza kubatizwa. Matokeo katika Afrika yalikuwa wake na watoto kufukuzwa nyumbani ili baba apate ubatizo. Mkutano wa Lambeth wa 1988 ulibadili: anaweza kubatizwa pamoja na wake na watoto wanaoamini, akiahidi kutooa mwingine maadamu mmoja wa wake hao yu hai, jumuiya ya mahali pale ikikubali, na asilazimishwe kuwaacha kwa sababu ya dhiki itakayowapata. Wapo waliosema Kanisa limelegeza ufunuo. Mimi naona lilisikia sehemu yake iliyokuwa imepuuzwa. Kusudi la mume mmoja na mke mmoja halikuguswa. Kilichoongezwa masikioni ni sauti ya Malaki 2, inayomkemea mwanamume anayemtendea kwa hiana mke wa ujana wake.

Mahali ambapo kosa linaua haraka zaidi ni kwenye ugonjwa. Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI anaombewa, anaambiwa amepona, anaagizwa aache dawa ili “asimkosee Mungu kwa kutoamini”. Wiki kadhaa anajisikia vizuri, kisha virusi vinaongezeka upya. Sipingi maombi wala uponyaji. Nimeona watu wakiinuliwa na maombi. Lakini tazama alichofanya Yesu alipowaponya wenye ukoma: aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa Torati ndio waliokuwa na kazi ya kuchunguza na kuthibitisha. Hakuogopa uchunguzi. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na mwenzake wa safari alikuwa Luka, “tabibu mpendwa”. Yoshua bin Sira 38, katika Biblia ya Wakatoliki, anasema Bwana ndiye aliyeumba dawa kutoka ardhini. Basi aliyeponywa na aende kliniki, apimwe, na daktari ndiye aseme kama dawa ziachwe. Mchungaji anayekataza kipimo hicho anaomba imani ambayo Yesu hakuiomba.

“Msimzimishe Roho, msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema,” Paulo anawaambia Wathesalonike. Maagizo hayo yameshikamana. Kanisa linalojaribu mambo yote bila kumpa Roho nafasi hukauka, na linalopokea kila unabii bila kuujaribu huumiza watu. Katika Korintho utaratibu ulikuwa wazi: manabii wawili au watatu wanene, na wengine wapambanue. Kupambanua ni kazi ya wale wanaosikiliza. Na baraza la Yerusalemu, Matendo 15, lilipoamua jambo zito kuliko yote ya wakati ule, yaani kama mataifa walazimishwe kutahiriwa, lilipitia mjadala mkali, ushuhuda wa Petro, taarifa za Paulo na Barnaba, na Yakobo akisoma manabii. Ndipo wakaandika: “ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi.”

Yanabaki mambo ambayo Maandiko hayakuyataja kabisa. Mwaka 2023 Uganda ilipata sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo vya mwili. Hakuna mstari kuhusu figo. Mkristo anayeombwa na kaka yake ampe figo moja anajua kwamba kujitoa kwa ajili ya mwingine ndiyo njia ya Kristo, kwamba mwili ni hekalu na hauuzwi, na kwamba maskini asifanywe bohari ya viungo vya tajiri. Hayo yanamwekea mipaka. Ndani ya mipaka hiyo anahitaji daktari, mke wake, maombi, na dhamiri yake, na mwenzake anaweza kuamua tofauti bila kuwa mwasi.

Viongozi wa makanisa yetu wana mfano wa namna ya kusema katika hali kama hizo, nao uko katika 1 Wakorintho 7. Kuhusu talaka Paulo anasema, hapo si mimi, ila Bwana. Kuhusu ndoa na asiyeamini anasema, hapa ni mimi, wala si Bwana. Kuhusu wanawali anaandika: “sina amri ya Bwana, lakini natoa shauri langu.” Mtume aliyemwona Kristo njiani kwenda Dameski alijua kutenganisha amri na shauri, na aliwaambia waumini wake bila kuficha. Muumini anayemwendea mchungaji wake kesho kuuliza kama auze shamba, aolewe na fulani, au aache kazi, ana haki ya kumuuliza kwa heshima: “Baba, hili ni amri ya Bwana, au ni shauri lako?”